Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Kigoma: daftari la mhudumu wa afya lifike kwenye meza ya bajeti

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, Waheshimiwa Wabunge, Wenyeviti, Wakurugenzi na Waheshimiwa Madiwani wa halmashauri zetu nane, na ndugu zetu wenyeviti na watendaji wa vijiji na mitaa.

YAH: KUSHIRIKISHWA KWA WAHUDUMU WA AFYA NGAZI YA JAMII KATIKA MIPANGO, BAJETI NA SHERIA NDOGO ZINAZOGUSA UMASKINI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii na waelimishaji wa afya tunaofanya kazi katika mkoa huu, kuanzia Kagunga kwenye mpaka wa Burundi hadi Kalya kusini mwa mwambao wa Ziwa Tanganyika, na huko juu Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko. Barua hii haimlalamikii mtu. Tumeiandika kwa sababu kila mwezi hupita mikononi mwetu taarifa ambazo nyinyi mnazihitaji mnapogawa fedha, na taarifa hizo haziwafikii.

Mhudumu hupita kaya kwa kaya na daftari lake. Huandika idadi ya watu na umri wa watoto. Kama kuna mjamzito, na alianza kliniki mimba ikiwa na wiki ngapi. Choo ni cha aina gani. Maji yanachotwa wapi. Mkono wa mtoto umesoma sentimita ngapi kwenye mkanda wa kupimia utapiamlo. Nani ameacha dawa. Mwisho wa mwezi jumla zake huenda zahanati, kutoka zahanati huenda kwa Mganga Mkuu wa halmashauri, huingizwa kwenye kompyuta na kufika Dodoma. Kwa kufuatilia magonjwa njia hiyo inafaa, na hatuombi ibadilishwe. Lakini idadi ya kaya zinazokunywa maji ya ziwa husafiri hadi Dodoma bila kuvuka barabara kwenda ofisi ya kijiji, na huko ndiko mpango wa maji wa kijiji unakoanza kuandikwa.

Kazi yetu ni kushauri, na ushauri mwingi tunaoutoa una bei. Dawa mseto ya malaria, ALu, ni dozi sita kwa siku tatu: ya pili humezwa saa nane zikishapita tangu ile ya kwanza, zilizobaki ni asubuhi na jioni. Dawa hii huingia mwilini vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa ya mama kwa mtoto anayenyonya. Mtoto wa kaya iliyolala bila kupika humeza vidonge vilevile, kwa muda uleule, na mwili wake hupata dawa pungufu. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 uliiweka Kigoma juu kuliko mikoa yote: karibu mtoto mmoja kati ya wanne walio chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea. Kila mtoto wa aina hiyo ana chungu nyumbani kwao, na ndani ya chungu hicho nusu ya tiba yake imo au haimo.

Kifua kikuu ni hivyohivyo. Tiba ya kawaida ni miezi sita, dawa za kila siku, nne kwa miezi miwili ya mwanzo na mbili kwa miezi minne inayofuata. Dawa ni bure. Kinachomkatisha mgonjwa ni kichefuchefu cha vidonge juu ya tumbo tupu, na kwa wavuvi ni kuhama dago, yaani kambi ya uvuvi: mtu huwafuata samaki ng'ambo ya rasi, na kadi yake ya matibabu hubaki kwenye zahanati ya alikotoka.

Tuangalie na kunawa mikono, jambo tunalolisema kila siku. Mtu mmoja anahitaji angalau lita 20 za maji kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi wa lazima. Kaya ya watu sita inahitaji lita 120, yaani ndoo sita. Kioski kikiuza ndoo kwa shilingi 50, hiyo ni shilingi 300 kwa siku, 9,000 kwa mwezi na 109,500 kwa mwaka. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipoanza, mchango wa kaya ya watu sita ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Maana yake, kwa bei hiyo ya ndoo, maji peke yake yanaigharimu kaya zaidi ya mara tatu ya bima. Ndiyo maana mama hununua ndoo moja au mbili za kunywa, nyingine anazichota ziwani au mtoni. Tunapomwomba aweke kibuyu chirizi, chombo cha kuning'iniza cha kunawia mikono, karibu na choo huitikia kwa adabu, kibuyu huning'inizwa, na wiki mbili baadaye ni kikavu. Amekwisha kuelewa somo, na kulirudia hakutaongeza ndoo. Bei ya ndoo ndiyo inayojadilika, na inajadiliwa katika chombo cha watumia maji na RUWASA, wakala wa maji vijijini, mahali ambapo mhudumu wa afya haitwi.

Wazo la kuunganisha afya na maamuzi ya umma si geni kwetu. Mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ottawa, Kanada, mwaka 1986 ulipoorodhesha kazi za kukuza afya, uliitaja kwanza kazi ya kujenga sera za umma zinazojali afya. Nchi yetu ilikuwa imetangulia. Tulishafundishwa kwamba ujinga, maradhi na umaskini ni maadui watatu wa kupigwa pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakalisha watu takriban milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kitabu, kikajadili, kisha kikaamua kazi ya kufanya: vyoo vya kuchimbwa, madimbwi ya kufukiwa. Somo na uamuzi vilifanyika siku moja, mahali pamoja. Leo tumevitenga, somo kwa mhudumu, uamuzi kwenye kikao asichokijua.

Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, aliye mwana wa mkoa huu, alizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la wahudumu 137,294 nchi nzima, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Ni jeshi kubwa. Likitumika kugawa vipeperushi tu, itakuwa hasara.

Tunachoomba kwanza ni karatasi moja ya kitongoji. Kila miezi mitatu, wiki mbili kabla ya mkutano mkuu wa kijiji ambao sheria inautaka, wahudumu wawili wa kitongoji wajaze ukurasa mmoja wenye hesabu hizi na zisizidi hizi: kaya zote, kaya zisizo na choo au zenye choo kilichojaa au kubomoka, kaya zinazokunywa maji ya ziwa, mto au kisima kisichofunikwa, watoto wa miezi 6 hadi 59 ambao mkono wao umesoma chini ya sentimita 12.5, na kati yao walio chini ya 11.5, wajawazito walioanza kliniki baada ya wiki 12, kaya zisizo na bima yoyote, na watoto wa umri wa shule wasiokwenda shule. Pembeni ya kila hesabu kuwe na ile ya robo iliyopita. Hatutaki fomu ya kurasa nane. Tunazo za kutosha, na fomu ndefu hujazwa usiku wa mwisho kwa kukisia.

Karatasi isiwe na jina la mtu hata mmoja. Magonjwa ya siri yasiwemo kabisa. Hata hesabu tupu inaweza kuwa jina: kitongoji chenye mgonjwa mmoja wa kifua kikuu, ukisoma "mmoja" mbele ya mkutano, kila mtu anamjua. Kwa hiyo chochote kilicho chini ya watano kisisomwe kwa kitongoji, kijumlishwe kwanza katika kijiji kizima. Kanuni hii ikivunjwa mara moja, watu watatuficha wagonjwa wao, na kosa hilo halirekebishiki kwa semina.

Karatasi ipite kwanza kwenye kamati ya huduma za jamii ya halmashauri ya kijiji, na mhudumu awepo kujibu maswali. Kisha isomwe mkutano mkuu na iambatishwe kwenye muhtasari unaokwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Nakala ya pili ibaki zahanati siku hiyohiyo. Nakala hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu hesabu inayoaibisha uongozi hupungua njiani. Karatasi ikiwa mahali pawili, haipungui.

Wakati nao una uzito. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mipango ya vijiji hukusanywa kabla ya mwisho wa mwaka wa kalenda, hupita kata, halafu timu ya wataalamu ya halmashauri, na Baraza la Madiwani hujadili bajeti mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kabla Bunge halijaanza kikao cha bajeti mwezi Aprili. Karatasi ya Septemba ndiyo inayoweza kubadili kitu. Ripoti nyingi za afya huandikwa nzuri mwezi Juni, zikiwa na picha, wakati kila shilingi imekwisha kupangiwa kazi. Mratibu wa huduma za afya ngazi ya jamii na afisa mipango wa halmashauri wakikubaliana juu ya tarehe moja tu, Septemba 30, sehemu kubwa ya tatizo hili itaisha.

Kuna namna tatu ambazo jambo hili huharibika, na tunazitaja mapema ili zisitushangaze. Mhudumu huitwa mkutanoni, akapewa dakika tano za mwanzo kueleza kipindupindu, kisha akaombwa apishe ajenda. Hiyo ni elimu, na kushirikishwa ni kuwa na nafasi katika ajenda yenyewe. Pili, hesabu zikifungwa kwenye zawadi au adhabu ya kijiji, zitapindishwa. Kijiji kinachoshindania bendera ya usafi hakitakosa choo hata kimoja kwenye karatasi. Tatu ndiyo mbaya kuliko zote: daftari kutumiwa kutoza faini. Tunaomba hili liandikwe wazi na kila halmashauri, kwamba taarifa za mhudumu wa afya hazitatumika kumshtaki wala kumtoza mwenye kaya. Siku mhudumu atakapopita na mgambo, mlango alioufungua kwa miaka mitatu utafungwa, na kipindupindu kikiingia atagonga mlango usioitikiwa.

Tuje kwenye ziwa, kwa sababu hapo sera moja ya serikali hugusa sahani za watoto wetu moja kwa moja. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Hatupingi kufunga ziwa. Dagaa na migebuka wasipopata muda wa kuzaana, kesho hakuna mvuvi wala kitoweo. Tunasema kwamba kufunga ziwa ni jambo la afya pia, na lipangwe hivyo.

Anayeumia wa kwanza ni yule asiye na chombo. Mwenye boti ana mtaji, ana shamba, pengine ana duka. Kibarua wa ndani ya boti hulipwa kwa mgawo wa samaki wa usiku huo. Wapo pia akina mama wanaoanika dagaa kwenye chanja na mchangani, wabeba mizigo wa mwalo (pale boti zinapofikia na kushusha samaki), washona nyavu, mama lishe wa pale ufukweni. Kipato chao ni cha siku kwa siku. Wavuvi wa dagaa wamezoea kupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa taa haivuti dagaa mwezi ukiwa mkali. Njaa ya siku kumi wanaijua na wana mbinu zake. Siku tisini na mbili zinataka mbinu nyingine.

Madhara yana mpangilio, na anayetembea kaya kwa kaya huyaona yakija. Kwanza ni deni dukani. Baada ya wiki chache kitoweo huondoka, hubaki ugali wa muhogo na majani. Dagaa zikiadimika bei hupanda, hivyo hata kaya isiyovua hupunguza, na ile iliyoko nyanda za juu inayotegemea dagaa kama nyama yake ya kila siku hupunguza pia. Kisha huja jambo ambalo watu wa mijini hawalifikirii: muhogo mchungu unapaswa kulowekwa siku tatu au zaidi, ukaanikwa ukakauka, ndipo sumu yake ya sayanidi itoke. Tumbo likiwa na haraka, siku tatu huwa moja. Anayeonekana wa mwisho ni mtoto wa miezi 6 hadi 23, ambaye anahitaji vyakula vya makundi angalau matano kati ya manane kila siku, maziwa ya mama yakihesabiwa kundi moja. Uzito wake husimama, na urefu unaopotea katika umri huo haurudi kwa uji wa mwezi mmoja. Nchi yetu bado ina udumavu wa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano kwa utafiti wa 2022.

Ziwa litakapofungwa tena tunaomba kalenda ifuatayo. Mwezi Machi, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya kila mwalo na wahudumu wa afya waandike orodha ya kaya ambazo kipato chao chote ni mwalo, wakiwemo vibarua na waanika dagaa, hata kama jina lao halipo kwenye leseni yoyote. Aprili, watoto wote wa miezi 6 hadi 59 wa vijiji vya mwambao wapimwe mkono. Kipimo kirudiwe mwishoni mwa Juni na mwishoni mwa Julai. Mkanda wenyewe ni kitu kidogo; makosa ni ya mpimaji: kupima mkono wa kulia, kukaza mkanda hadi ngozi ikunjike, au kukosea katikati ya bega na kiwiko. Pima mkono wa kushoto, ulegee, katikati kamili. Mtoto aliye chini ya 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili, anakwenda kituoni siku hiyohiyo. Aliye kati ya 11.5 na 12.5 anafuatiliwa nyumbani, na mlo wa kaya unajadiliwa.

Idadi ya walio chini ya 12.5 ikiongezeka kati ya Aprili na Juni katika kata, iwe ni amri ya kutoa fedha, bila kusubiri kikao cha robo. Fedha gani? Mkataba wa lishe unaozitaka halmashauri kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani upo tangu 2017. Tuwe wakweli kuhusu kiasi hicho. Kata yenye watoto 3,000 inapata shilingi milioni tatu kwa mwaka. Hailishi watoto. Inatosha mafuta ya boti ya kumfikisha afisa lishe kwenye vijiji visivyo na barabara, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ifanyike kweli kila robo, na rufaa za watoto wachache waliozidiwa. Lakini inatosha hivyo ikitolewa mara tu kipimo cha mwishoni mwa Juni kikionyesha ongezeko. Ikitolewa kwa mkupuo ili tu kumaliza fungu la mwaka, hununua semina.

Chakula chenyewe kinunuliwe kwa jasho la watu wenyewe. Ajira za muda za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, katika awamu zilizopita zilikuwa siku 60 kwa kaya kwa mwaka. Kwa mwambao, siku hizo zipangwe kati ya Juni na Agosti. Nyanda za juu ni kinyume: Juni na Julai ghala lina kitu, na miezi migumu ni ya mvua, wakati wa palizi, kabla mahindi hayajakomaa. Ratiba moja ya mkoa mzima humkuta mkulima wa Buhigwe akiwa na mazao na mvuvi wa Sunuka akiwa na madeni, kwa hiyo ikiwekwa mwezi wowote, mmoja wao hupata kazi wakati asioihitaji. Michango ya bima ifuate mantiki hiyohiyo. Kaya ya mwambao idaiwe kabla ziwa halijafungwa, kaya ya mkulima baada ya kuuza.

Sasa vyoo. Vijiji vingi vina sheria ndogo inayomtoza faini asiye na choo. Tunaelewa nia yake. Kipindupindu kilichoipiga Kagunga mwaka 2015 kilitufundisha sote. Lakini faini huchukua zile fedha ambazo zingenunua saruji, na mwenye kaya hubaki na stakabadhi bila choo. Wengine huchimba shimo la kuonyesha, wakaliezeka kwa nyasi siku ya ukaguzi, lisitumike.

Mwambaoni kuna sababu ya kitaalamu pia. Mchanga hauna mshiko, shimo la futi nane huporomoka mvua ya kwanza. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni yalimeza sehemu za fukwe, na mashimo yaliyokuwa makavu yakawa visima vya kinyesi. Mahali pa namna hiyo choo kinataka shimo fupi lililojengewa kwa tofali za kuchoma au mapipa yaliyotobolewa, sakafu iliyoinuliwa juu ya ardhi, na umbali wa mita 30 kutoka kisima. Kumwambia maskini ajenge hivyo kwa tishio la faini ni kumwambia ahame.

Tunapendekeza sheria ndogo ibadilishwe hivi: asiye na choo atoe siku za kazi kwenye kikundi cha kijiji cha kufyatua slabu, yaani sakafu za zege za choo, na kijiji kitoe saruji kutoka fungu lake. Slabu ya sentimita 60 kwa 60, unene wa sentimita 5, kwa mchanganyiko wa saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu, hutoka sita kwa mfuko wa kilo 50 ukihesabu na upotevu. Kinachoziharibu ni haraka. Slabu ifunikwe kwa magunia na kumwagiwa maji siku saba. Ikiachwa juani siku mbili, hupasuka ikikanyagwa, na habari ya slabu iliyopasuka na mtu juu yake husambaa kuliko mafunzo yetu yote. Mchanga wa ufukweni uchekechwe na kuoshwa kwanza, una udongo na magamba. Vikongwe, wajane wagonjwa na wenye ulemavu wachimbiwe na kikundi. Orodha yao tunayo, na kwa kazi ya kuwasaidia tutaitoa wenyewe wakikubali.

Kuhusu kuwatambua wasio na uwezo tutasema kwa kifupi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeahidi kuwagharamia, na utambuzi wa TASAF una hatua nzuri: mkutano wa kijiji hutaja kaya, dodoso hujazwa, mkutano huthibitisha. Udhaifu wake ni kwamba orodha huzeeka. Baba akifariki, bibi akipokea wajukuu wanne, kaya tajiri ya jana ni maskini leo, na zoezi linalofuata liko mbali. Wahudumu waruhusiwe kupeleka mabadiliko kila robo kwa afisa ustawi wa jamii, naye ayahakiki kabla ya kuyaingiza. Tusipewe sisi mamlaka ya kuamua nani ni maskini. Anayetibu mtaani asiwe anayegawa fedha. Kwa wasio na kitambulisho cha taifa, katika mkoa huu wa mpakani ambako uhakiki wa uraia una hatua nyingi, pawepo njia ya muda ya barua ya mtendaji, maana bila kitambulisho hakuna laini ya simu, na bila laini malipo ya simu hayaji.

Pia, kabla ruzuku ya mlengwa wa TASAF haijakatwa kwa kuwa mtoto hakufika kliniki, mhudumu wa kitongoji aulizwe sababu kwa mstari mmoja. Mara nyingine chanjo haikuwepo siku ile, au boti haikuondoka kwa upepo. Kuikata fedha ya kaya hiyo ni kuiadhibu kwa kosa la mfumo.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, nayo ina uhusiano na kazi yetu. Kikundi cha waanika dagaa kikipewa mkopo Aprili na rejesho la kwanza likaanza Juni, kimepangiwa kushindwa. Afisa maendeleo ya jamii akiwa na kalenda ya ziwa mezani, hilo halitatokea.

Mwisho ni posho, na tunaisema bila aibu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watoa huduma wengi wa jamii waliokuwa wakilipwa na miradi walisimama siku hiyohiyo, na wagonjwa waliokuwa wakifuatiliwa majumbani wakabaki bila mfuatiliaji. Kila halmashauri iwe na kifungu chake cha mapato ya ndani kwa wahudumu wa vitongoji, hata kama kwa kuanzia ni sehemu tu ya posho, kilipwe kwa mwezi na kisichukuliwe kuziba pengo jingine. Tusilipwe kwa idadi ya wagonjwa tunaowaripoti, kwa sababu malipo ya aina hiyo huzaa wagonjwa wa karatasi. Na wa mwambao wahesabiwe nauli ya boti kando. Kitongoji kimoja huko kinaweza kuwa na nyumba zilizotengwa na rasi mbili.

Waheshimiwa, hatuombi haya yote yaanze kesho katika vijiji vyote. Chagueni kata moja ya mwambao na moja ya nyanda za juu, tujaribu karatasi ya kitongoji kwa robo mbili, Julai hadi Desemba, ili ile ya Septemba iingie kwenye mipango ya mwaka unaofuata. Gharama ya kuanza ni karatasi, kalamu, kudurufu na nauli ya mhudumu kufika kwenye kikao cha kata. Tunaomba hoja hii iwekwe kwenye ajenda ya Kamati ya Ushauri ya Mkoa itakayokutana, na tupewe saa moja na maafisa mipango wa halmashauri zote nane. Tutakuja na rasimu ya karatasi yenyewe, imejazwa hesabu za mfano, ili muikosoe mbele yetu.

Wenu katika kazi,

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii na waelimishaji wa afya,
mwambao na nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma

Nakala: Waganga Wakuu wa halmashauri, Maafisa Mipango, Maafisa Lishe, Maafisa Ustawi wa Jamii, Maafisa Maendeleo ya Jamii, Kamati za usimamizi wa zahanati na vituo vya afya.